Nani Atakaa Kwenye Kiti cha Kampuni?

Kijana akivunja duka la jirani na kuiba, haki rejeshi ina pa kuanzia. Aliyevunja yupo, aliyevunjiwa yupo, na wote wana majina. Wanaandaliwa, wanakalishwa pamoja, mmoja anaeleza alichofanya, mwingine anaeleza alivyoumia, kisha wanatafuta namna ya kurekebisha kilichoharibika. Kampuni ikimwaga sumu mtoni, au ikiendelea kuuza dawa baada ya wataalamu wake wenyewe kuonya, mambo yanakuwa mengine. Aliyetia saini alishahama. Aliyeandika onyo alipelekwa idara nyingine. Bodi inasema haikuambiwa, meneja anasema alitekeleza maagizo, na mpira unatupwa huku na huku hadi watu wachoke. Walioumizwa ni maelfu, wenye majina na makovu. Upande wa pili wa meza ipo nembo tu.

Kwa hiyo jambo linaloamua kila kitu, kabla hata ya kutaja fidia, ni nani atakaa kwenye kiti cha kampuni. Akikaa mtu asiyejua kilichotokea, au asiye na mamlaka ya kuamua, au aliyetumwa kusikiliza bila kujibu, basi kinachofanyika ni kikao cha uhusiano wa umma kilichovalishwa nguo za haki.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Haki rejeshi ni namna ya kushughulikia uhalifu inayouliza nani ameumia, anahitaji nini, na nani ana wajibu wa kurekebisha. Mwaka 2002 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za msingi za kuitumia katika kesi za jinai, na mbili kati ya hizo ni muhimu mno kwa kampuni: pande zote ziingie kwa hiari, na mambo ya msingi yaliyotokea yakubaliwe kabla ya kukaa. Hiyo ya pili ndiyo kampuni nyingi hutaka kuiruka. Hutaka "kusonga mbele" kabla ya kusema nyuma kulitokea nini.

Tazama jinsi makosa makubwa yanavyomalizwa kwa kawaida. Januari 2021, Boeing ilifikia makubaliano ya kuahirisha mashtaka na Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu ndege za 737 MAX. Ndege 2 za aina hiyo zilikuwa zimeanguka, moja Indonesia Oktoba 2018, nyingine Ethiopia Machi 2019, na watu 346 wakafa. Jumla ilizidi dola bilioni 2.5: faini ya dola milioni 243.6, dola bilioni 1.77 kwa mashirika ya ndege yaliyokuwa wateja, na dola milioni 500 kwa warithi wa marehemu. Mashirika ya ndege yalitengewa zaidi ya mara 3 ya walichotengewa waliofiwa. Na waliofiwa hawakushirikishwa. Walisikia wino ukiwa umeshakauka. Ilibidi waende mahakamani, na Oktoba 2022 jaji wa shirikisho huko Texas akaamua kwamba kisheria wao ni waathiriwa wa uhalifu. Mtu aliyempoteza mwanawe alilazimika kushinda kesi ili atambuliwe kuwa ameumizwa. Bhopal, mji wa India, ilikuwa vilevile: baada ya gesi ya sumu kuvuja kiwandani usiku wa Desemba 2 kuamkia 3, 1984, serikali ya India ilijipa kwa sheria haki ya kuwawakilisha waathiriwa wote, na mwaka 1989 ikapatana na Union Carbide, kampuni mama ya kiwanda hicho, kwa dola milioni 470. Viti vya walioumia vilikaliwa na wengine.

Wakati mwingine waathiriwa hupewa kiti, lakini cha kampuni kinabaki kama kitupu. Machi 10, 2022, katika mahakama ya ufilisi iliyoshughulikia Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, dawa ya maumivu yenye kuleta uraibu, watu 26 walipewa nafasi ya kuzungumza mbele ya wanafamilia 3 wa Sackler, familia iliyomiliki kampuni hiyo. Ilifanyika kwa njia ya video. Wazazi walisimulia vifo vya watoto wao kwa zaidi ya saa 2. Mmoja wa wale 3 aliunganishwa kwa sauti tu, uso wake hawakuuona. Na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kujibu. Kusikilizwa kulikuwa na thamani kwa baadhi ya waliozungumza, wala hilo lisidharauliwe. Ila haki rejeshi inahitaji jibu. Mzazi anayeuliza "mlijua lini?" akirudishiwa ukimya, anaondoka na jeraha la pili.

Sasa chukua mfano uliokwenda tofauti. Mwanazuoni wa Australia, John Braithwaite, ambaye amelichunguza suala hili kwa miongo kadhaa, huusimulia mara kwa mara. Mawakala wa kampuni ya bima ya Colonial Mutual Life waliwauzia Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wa vijiji vya mbali kaskazini mwa Queensland bima ambazo hazikuwafaa kabisa, kwa maelezo ya uongo. Mdhibiti wa biashara alipobaini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, viongozi wa juu wa kampuni walikwenda wenyewe hadi kijiji cha Wujal Wujal, wakalala huko siku kadhaa katika hali waliyoishi wateja wao, wakakaa nao ana kwa ana. Matokeo yalikuwa mazito: wateja wapatao 2,000 walifidiwa, mfuko wa elimu ya watumiaji ukaanzishwa, na ndani ya kampuni uchunguzi ukawafukuzisha kazi waliohusika. Kilichofanya kazi pale ni umbali uliofutwa. Ofisini mteja alikuwa namba ya mkataba. Kijijini alikuwa mwanamke aliyekaa mbele yao, akiuliza kwa nini walimwambia vile.

Lakini usisahau kwamba mdhibiti alikuwepo na rungu mkononi. Braithwaite mwenyewe huchora piramidi: chini kabisa ni mazungumzo, juu yake onyo, kisha faini, kisha mashtaka, na kileleni ni kunyang'anywa leseni. Mazungumzo yanafaulu kwa sababu kila mtu anaiona ngazi inayofuata. Kampuni isiyoona chochote juu ya mazungumzo haina sababu ya kuyaheshimu, na anayekwambia haki rejeshi ije mahali pa mashtaka badala ya kuwa kando yake anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Turudi kwenye kiti. Kwa kampuni yenye ukubwa wa kati na kuendelea, watu 4 wanatosha, na kila mmoja ana sababu yake. Wa kwanza ni mjumbe wa bodi au Mkurugenzi Mtendaji, kwa kuwa ndiye anayeweza kuifunga kampuni kwa neno lake. Wa pili ni mkuu wa kitengo kilichofanya kosa, hata kama hakuwepo wakati ule, kwa sababu maswali ya "ilikuwaje" yanamhitaji mtu anayejua bomba linapita wapi na nani hufungua koki. Wa tatu ni mwenye idhini ya fedha. Wa nne ni atakayesimamia utekelezaji baadaye. Mawakili wakae chumba cha pili, waitwe pande zote zikikubali. Ofisa wa mawasiliano abaki nyumbani. Wakizidi hao 4, walioumia wanajikuta wanatazamana na ukuta wa suti, na wenyewe kwa wenyewe wa kampuni wanaanza kusubiriana nani azungumze.

Upande wa walioumia, ukiwa na watu elfu kadhaa, usithubutu kuitisha mkutano wa hadhara. Mkutano wa hadhara humpa nafasi mwenye sauti kubwa na kumnyamazisha mjane. Fanya duara nyingi, kila moja watu 12 hadi 15, na wawakilishi wachaguliwe na waathiriwa bila kampuni kupendekeza jina hata moja. Asiyetaka kuja arekodi sauti au aandike, na maneno yake yasomwe yote. Kuna kundi linalosahaulika karibu kila mara: mfanyakazi aliyetoa siri, akafukuzwa au akatengwa. Naye ni mwathiriwa, na mara nyingi ndiye mtu pekee chumbani anayejua ukweli wote. Na pale ambapo kilichoumia ni mto au msitu, ateuliwe mtu wa kuusemea. New Zealand ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoutambua mto Whanganui kama mtu kisheria, wenye wasemaji wake 2, na hakuna kinachozuia kikao cha haki rejeshi kuiga mpango huo hata pasipo sheria kama hiyo.

Maandalizi huchukua muda kuliko kikao chenyewe, na yakifanywa haraka ndipo mambo huharibika. Kila mwathiriwa akutane na wawezeshaji, yaani wanaoongoza kikao, faragha angalau mara 2. Wawakilishi wa kampuni mara 3 au 4, maana wao wana mengi ya kujifunza upya. Wawezeshaji wawe 2 kila duara. Malipo yao yawekwe yote mwanzoni kwenye akaunti inayoshikwa na mahakama, mdhibiti au mdhamini huru, ili kampuni ikisusa katikati kazi isife, na ili mwezeshaji asiwe na sababu ya kumtazama usoni mlipaji. Kinyozi hajinyoi, kampuni isiajiri mwezeshaji wa kosa lake yenyewe.

Katika majuma hayo ya maandalizi kuna kizuizi ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: bima. Mikataba mingi ya bima ya dhima, ile inayolipia madhara ambayo kampuni imewasababishia wengine, ina kifungu kinachomkataza mteja kukiri kosa bila idhini ya kampuni ya bima. Mkurugenzi amejiandaa kuomba radhi kwa dhati, halafu usiku wa kuamkia kikao wakili anamkabidhi karatasi yenye sentensi 5 zisizosema chochote. Tiba yake ni idhini ya maandishi kutoka kwa bima kabla ya kikao cha kwanza cha maandalizi, na uihesabie majuma kadhaa. Baadhi ya majimbo yamerahisisha hili kwa sheria: British Columbia huko Kanada tangu 2006, na New South Wales huko Australia tangu 2002, kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa kukiri dhima. Hata hivyo, kinga hiyo hugusa radhi. Hati zilizokuwepo kabla hazigeuki kuwa siri kwa sababu tu zilionyeshwa kwenye duara. Makubaliano ya kuanzia yaseme wazi: kinachotamkwa humu hakitumiki kama ushahidi, ila barua pepe ya zamani inabaki barua pepe, na yeyote mwenye haki ya kuidai mahakamani ataidai. Na kama kuna uchunguzi wa jinai dhidi ya watu binafsi, kila mmoja wao awe na wakili wake. Wakili wa kampuni ni wa kampuni. Masilahi yakigongana hatamlinda meneja.

Zao la maandalizi liwe karatasi moja ya pamoja: mfuatano wa matukio, kurasa 2 au 3, tarehe kwa tarehe, na nyuma ya kila mstari ipo hati. Onyo la kwanza liliandikwa lini, lilifika meza ya nani, nani aliamua kuendelea. Siku ya kikao, anayekaa kwenye kiti cha kampuni anausoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kingine chochote. Dakika hizo 10 hufanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Walioumia wanasikia kinywa cha kampuni kikitamka kile ambacho kwa miaka waliambiwa wanakizua.

Kisha linakuja suala la maneno, na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia kumkamata anayekwepa. Sikiliza tofauti kati ya "maji yalichafuka" na "tulichafua maji". Kati ya "fedha zilipotea" na "tulipoteza fedha zenu". Kati ya "usumbufu uliojitokeza" na "tuliwasumbua". Kitenzi cha namna ile ya kwanza kinaufuta mkono uliotenda. Kazi ya mwezeshaji katika maandalizi ni kuipitia rasimu ya radhi kitenzi kwa kitenzi na kuuliza: nani? Mei 24, 2020, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge huko Pilbara, Australia Magharibi, yenye dalili za kukaliwa na binadamu miaka 46,000 nyuma, mahali patakatifu pa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Radhi ya kwanza ya kampuni iligusa uchungu uliowapata wenye eneo, ikakipita kando kitendo cha kulipua. Pengo hilo linasikika. Bodi ikaanza kwa kuwakata vigogo marupurupu, hasira zikapanda zaidi, na Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba Mkurugenzi Mtendaji na wengine 2 wataondoka. Wakati huo waliopaswa kukaa kwenye kiti walikuwa njiani kutoka.

Fedha nazo. Fidia ya awali ilipwe kabla ya kikao na isifungamane nacho. Mwathiriwa akiambiwa "njoo ukae, kisha utalipwa", hiari imekufa. Hakuna mkataba wa siri, hata kwa nyongeza ya malipo: funika kombe mwanaharamu apite si haki rejeshi, na kila kosa lililofunikwa hivyo humsubiri mtu mwingine mahali pengine. Na mfuko wa fidia usishikwe na mkosaji. Bwawa la mabaki ya mgodi la Fundão, la Samarco, lilipopasuka Novemba 5, 2015 huko Mariana, Brazili, na kuua watu 19, serikali na kampuni zilikubaliana kuunda taasisi ya kurekebisha, Renova, ambayo wamiliki wa mgodi, Vale na BHP, ndio walioigharimia. Waliopoteza nyumba walilalamika miaka na miaka kwamba wanajadiliana kuhusu hasara zao na chombo cha aliyewasababishia. Oktoba 2024 mambo yalibidi kupatanwa upya, kwa reali bilioni 170 za Brazili, na ikaamuliwa Renova ivunjwe.

Uingereza imetoa somo jingine. Kati ya 1999 na 2015 mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa sababu ya hitilafu za programu ya kompyuta ya Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliojiua. Mwaka 2019, watu 555 walipatana na Post Office, kampuni ya serikali yenye ofisi hizo, kwa pauni milioni 57.75, na takriban milioni 46 kati ya hizo zikaishia kwenye gharama za kesi na kwa waliofadhili kesi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tume ya uchunguzi chini ya Sir Wyn Williams ilipotoa juzuu ya kwanza ya ripoti yake Julai 8, 2025, ilitaka wizara husika, Post Office na Fujitsu watoe hadharani mpango wa haki rejeshi kwa waathiriwa. Pendekezo hilo ni la maana kwa sababu linavitaja viti 3, na cha mtengenezaji wa programu kimo. Makosa ya kampuni huwa na mnyororo: mwenye huduma, mkandarasi, msimamizi wa serikali. Ukikalisha mmoja, atawasingizia wasiokuwepo.

Makubaliano yasiandikwe siku ya kikao. Watu wakiwa wamelia pamoja huandika ahadi laini. Subiri majuma 2 hadi 4, kutaneni tena, na kila kipengele kijibu: nini, nani kwa cheo na jina, lini, ushahidi upi, nani anakagua, na kikikosekana nini kinafuata. "Tutaimarisha usalama wa maji" kinafutwa. Mahali pake panaandikwa: kuanzia tarehe 1 Julai, maji yanayotoka mtamboni yatapimwa kila siku saa 2 asubuhi na maabara isiyo ya kampuni, majibu yatabandikwa getini kabla ya saa 6 mchana, na yakizidi kiwango uzalishaji unasimama siku hiyohiyo kwa amri ya mkuu wa mtambo bila kusubiri makao makuu. Mkaguzi awe na haki ya kuingia bila taarifa. Vikao vya kupima utekelezaji viwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24, na hati yote iwekwe mahakamani au kwa mdhibiti ili ukiukaji ufungue tena mashtaka yaliyoahirishwa.

Kuna mahali pa kukataa kabisa. Kampuni inayokana mambo ya msingi haina cha kufanya kwenye duara. Wafanyakazi walioumia na bado wanaajiriwa na kampuni hiyohiyo hawakai hadi kuwe na ulinzi wa kazi yao kwa maandishi, wa angalau miezi 24. Katika upangaji wa bei, ambapo kila mnunuzi ameibiwa kidogo kidogo, duara la watu binafsi halina uzito. Shirika la watumiaji liwawakilishe wote, na msisitizo uwe kwenye kurudisha fedha.

Kinachobaki ni tatizo gumu kuliko yote, nalo huja taratibu. Wakurugenzi huhama. Aliyesoma mfuatano wa matukio huku sauti ikimtetemeka anapata kazi kwingine mwezi wa 9, na mrithi wake anaikuta hati kabatini kama deni la mtu mwingine. Kipengele cha kulizuia hilo kina mistari michache tu: ndani ya siku 60 za kuteuliwa, yeyote atakayeshika cheo kilichotajwa humu atakaa na wawakilishi wa waathiriwa, kwenye kiti kilekile, na safari hii watakaousoma ule mfuatano wa matukio kwa sauti ni wao, yeye akisikiliza, kisha atie saini chini ya saini ya aliyemtangulia.